UCHAMBUZI: Jua la Ghuba lawapima wanakandarasi wa bustani na vibarua wao

MGENI anayetua Doha, Dubai au Muscat kwa mara ya kwanza hustaajabishwa na ukijani. Kando ya barabara kuu, mbele ya hoteli na katikati ya mizunguko ya magari, nyasi zimetandazwa kama mkeka na mitende imesimama kwa safu. Haya yote yamo katika nchi ambako mvua ya mwaka mzima haifikii ile inayonyesha Kericho kwa mwezi mmoja.

Ukijani huo haukujiotea wenyewe. Serikali za mitaa, wenye hoteli na wamiliki wa mitaa ya kifahari hutoa kandarasi, na kampuni za upambaji mandhari huzishindania kwa zabuni. Kampuni hizo nazo huajiri vibarua kutoka India, Bangladesh, Nepal, Pakistan na, kwa miaka ya karibuni, kutoka Afrika Mashariki. Kabla ya Kombe la Dunia la 2022, Qatar ilipanda miti milioni moja. Baadaye mji wa Doha ukawa mwenyeji wa maonyesho ya kimataifa ya kilimo cha bustani katika bustani ya Al Bidda, kuanzia Oktoba 2, 2023 hadi Machi 28, 2024.

Tarehe hizo za maonyesho zafaa kutazamwa kwa makini. Hakuna aliyethubutu kuyaandaa Julai. Vivyo hivyo, ile bustani mashuhuri ya maua ya Dubai, Miracle Garden, iliyofunguliwa Februari 2013, hufunga milango yake kila msimu wa joto na kufunguliwa tena jua likishatulia. Mwenye biashara ya maua yake mwenyewe anaweza kufunga na kungoja. Mwanakandarasi wa barabara hawezi. Mkataba wake ni wa miezi kumi na miwili, na nyasi zikigeuka rangi Agosti, anayetozwa faini ni yeye.

Hapo ndipo penye kitendawili cha biashara hii. Miezi ambayo mimea huhitaji maji na uangalizi mkubwa zaidi ndiyo miezi ambayo mwili wa binadamu hauwezi kukaa nje.

JOTO LENYEWE

Joto la Ghuba si la kusimuliwa kwa mzaha. Kituo cha Mitribah nchini Kuwait kilisajili nyuzijoto 53.9 za Selisiasi mnamo Julai 21, 2016, kipimo ambacho Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilikithibitisha mwaka wa 2019 kuwa miongoni mwa vya juu kabisa kuwahi kupimwa duniani. Mnamo Agosti 2025, eneo la Sweihan karibu na Al Ain, katika Milki za Kiarabu, lilipita nyuzi 51.

Hata hivyo, namba hizo peke yake hupotosha. Mwili wa mwanadamu hujipoza kwa jasho, na jasho haliupozi mwili linapotiririka bali linapokauka. Katika hewa kavu ya bara la Arabuni jasho hukauka upesi, na mtu mwenye maji ya kutosha aweza kustahimili. Katika miji ya pwani, hasa Agosti na Septemba, hewa hujaa unyevu wa bahari hivi kwamba jasho hudondoka tu bila kukauka. Nyuzi 38 alfajiri ufuoni zaweza kumwangusha mtu aliyestahimili nyuzi 45 jangwani.

Kwa sababu hiyo wataalamu wa afya kazini hawaitegemei themometa ya kawaida. Wana kipimo kinachojulikana kwa herufi WBGT, ambacho huchanganya unyevu wa hewa, miale ya jua na joto la hewa. Katika hesabu yake ya kazi za nje, joto linalopimwa kwa kitambaa kilicholowa maji hupewa uzito wa asilimia 70, miale ya jua asilimia 20, na joto la hewa analolitangaza mtabiri kwenye runinga hupata asilimia 10 tu.

SHERIA YA SAA NA SHERIA YA KIPIMO

Mataifa ya Ghuba yamejaribu kulidhibiti jambo hili kwa sheria ya saa. Milki za Kiarabu zilianza mwaka wa 2005, na sasa kazi za juani hupigwa marufuku kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa, kati ya Juni 15 na Septemba 15. Mwajiri anayekiuka hutozwa dirhamu 5,000 kwa kila mfanyakazi, faini isiyozidi dirhamu 50,000. Oman husitisha kazi saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu, kuanzia Juni hadi Agosti. Kuwait huanza mapema zaidi, saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni.

Sheria ya saa ina uzuri wake. Ni rahisi kuelewa, na mkaguzi huhitaji saa ya mkononi tu. Udhaifu wake ni kwamba joto halisomi saa. Saa nne asubuhi ya Agosti yaweza kuwa mbaya kuliko saa nane mchana ya katikati ya Juni, na bado ikawa halali kumtuma mtu juani na mashine ya kukata nyasi.

Qatar ilikwenda hatua moja mbele. Baada ya utafiti uliofanywa pamoja na Shirika la Kazi Duniani, ILO, na kuchapishwa 2019, nchi hiyo ilitoa Agizo la Waziri nambari 17 la 2021. Kazi za nje zilipigwa marufuku kati ya saa nne asubuhi na saa tisa na nusu alasiri, kuanzia Juni 1 hadi Septemba 15. Zaidi ya hayo, saa yoyote ile kipimo cha WBGT kikipita nyuzi 32.1, kazi yapaswa kusimama. Agizo hilo pia linamtaka mwajiri awapime vibarua afya kila mwaka, na linampa mfanyakazi haki ya kuondoka kazini akiona joto linahatarisha maisha yake.

Matokeo hayakuchelewa. Wagonjwa wa maradhi yatokanayo na joto waliofika katika zahanati za Hilali Nyekundu nchini Qatar walikuwa 1,520 mwaka wa 2020. Mwaka uliofuata walipungua hadi 620, na 2022 wakawa 351. Yapo mengi ya kuilaumu Qatar kuhusu wageni wanaoifanyia kazi, lakini katika hili takwimu zinaitetea.

NANI HULIPA SAA ZILIZOPOTEA?

Ni kwa mwenye kampuni ambako sheria hizi hugeuka kuwa hesabu. Chukua mwanakandarasi mwenye vibarua 40 katika Milki za Kiarabu. Kipindi cha marufuku kina siku 93, na ukiondoa siku za mapumziko ya kila wiki husalia karibu siku 80 za kazi. Saa mbili na nusu kwa siku, kwa watu 40, kwa siku 80, ni saa 8,000. Hizo ni sawa na siku 1,000 za mtu mmoja anayefanya kazi saa nane. Nchini Qatar, ambako pengo ni la saa tano na nusu, hesabu hiyo huzidi maradufu.

Saa hizo hazifutiki katika mkataba. Eneo ni lile lile, nyasi ni zile zile, na mteja analipa bei ile ile ya mwezi. Mwanakandarasi ana njia tatu tu: aajiri watu zaidi, azihamishe saa hizo alfajiri na usiku, au awabane wale alionao wafanye kwa saa tano kazi ya saa nane. Njia ya kwanza ina gharama, ya pili ina ugumu, na ya tatu ndiyo inayoua watu.

Tatizo huanzia kwenye zabuni. Mteja huichagua bei ya chini kabisa, na bei ya chini kabisa kwa kawaida ni ya yule aliyepiga hesabu kana kwamba Agosti ni sawa na Januari. Aliyeweka gharama za kivuli, maji baridi, mabasi ya zamu mbili na vibarua wa akiba hushindwa na mwenzake aliyeandika kazi na mbolea tu. Wizara ya kazi inapomtuma mkaguzi Julai, huwa imechelewa kwa miezi sita. Dhambi ilitendwa siku zabuni zilipofunguliwa, na aliyeitenda aghalabu ni idara nyingine ya serikali hiyo hiyo.

Basi kama kuna marekebisho ya maana, ni kwa mji wenyewe kuandika katika masharti ya zabuni kwamba kuanzia Juni hadi Septemba kiwango cha kazi kitapungua: nyasi zitakatwa mara chache, maua ya msimu hayatahitajika, na majani kupauka kidogo hakutahesabiwa kuwa uvunjaji wa mkataba. Gharama yake kwa mteja ni ndogo mno. Nani hutembea kwa miguu kando ya barabara kuu ya Dubai saa nane mchana wa Agosti ili akague rangi ya nyasi?

MPANGO WA MWENYE BUSARA

Meneja mzoefu huanza kuukabili msimu wa joto Oktoba iliyotangulia. Kuchimba mashimo, kuhamisha miti, kutandaza mabomba na kupanda nyasi mpya ni kazi za miezi ya baridi, kuanzia Oktoba hadi Machi. Mti uliopandwa Novemba huwa na mizizi ifikapo Juni, ilhali uliopandwa Mei humtaka kibarua aukimbilie na maji kila siku. Maua ya msimu hung'olewa Mei na hayarudishwi hadi vuli. Nyasi huachwa ziwe ndefu kidogo ili zivifunike kivuli vikonyo vyake na udongo.

Kazi inayobaki ni umwagiliaji, nayo hufanywa usiku au kabla ya jua kuchomoza. Maji yenyewe katika miji mingi ya Ghuba ni majitaka yaliyosafishwa, au maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa gharama kubwa ya nishati, kwa hiyo kila tone linaloyeyuka mchana ni hasara juu ya hasara. Mabomba ya matone yenye saa za kujifungua yamepunguza kazi ya mikono. Lakini bomba likipasuka saa saba mchana, lazima mtu aende. Sheria ya Milki za Kiarabu inaruhusu kazi zisizoweza kusitishwa, kama vile kurekebisha mabomba ya maji ya umma, mradi mwajiri atoe maji, kivuli na vifaa vya kupoza. Si vigumu kuona jinsi mwajiri mjanja awezavyo kuliita kila bomba la bustani dharura.

Mitende nayo haiijui sheria. Tende huiva katika miezi hiyo hiyo ya joto, na mtu lazima apande juu kuzikata. Mpandaji aliyefungwa mkanda kwenye shina la mtende, mita kumi juu, hana nafasi ya kuketi kizunguzungu kinapomjia. Kampuni zinazojali huwapandisha wawili wawili kabla ya saa mbili asubuhi na kuwashusha jua linapoanza kuuma.

Kuhamisha kazi alfajiri, hata hivyo, si dawa isiyo na madhara. Kibarua anayeanza kazi saa kumi na moja alfajiri huamka saa tisa usiku ili alipate basi. Zamu ikigawanywa, amalize saa tano kisha arudi saa kumi jioni, swali la pili huibuka: atapumzikia wapi katikati? Ikiwa kambi iko mbali na mwajiri hataki kulipia basi mara mbili, mapumziko ya kisheria huwa ni kulala juu ya katoni chini ya mti alioupanda mwenyewe, katika hewa ya nyuzi 44. Daftari la mkaguzi litaonyesha kwamba alipumzika, lakini mwili wake utakuwa na habari nyingine.

Ndiyo maana kupima utiifu kwa kuangalia kama mashine zimezimwa hakutoshi. Chumba chenye kipoza hewa karibu na eneo la kazi, hata kama ni kontena kuukuu, huwa na faida kuliko mabango yote ya usalama yanayobandikwa kwenye uzio.

SIKU ZA KWANZA NDIZO MBAYA

Jambo ambalo wenye kampuni wengi hulipuuza, na ambalo linawahusu Wakenya moja kwa moja, ni mazoea. Mwili huchukua kati ya siku saba na 14 kujifunza joto: jasho huanza mapema, chumvi hupungua ndani yake, na moyo hupiga kwa utulivu zaidi. Kabla ya hapo mtu mwenye nguvu kama fahali aweza kuanguka wakati mzee aliyekaa huko miaka kumi anaendelea kupogoa ua. Mamlaka ya usalama kazini nchini Marekani inasema kwamba kati ya nusu na asilimia 70 ya vifo vya joto katika kazi za nje hutokea katika siku chache za mwanzo.

Kanuni inayopendekezwa na watafiti wa Marekani ni rahisi: mgeni afanye asilimia 20 ya kazi siku ya kwanza, kisha aongezewe asilimia 20 kila siku. Maji yanywewe kikombe kimoja kila dakika 15 au 20, kabla ya kiu, wala si lita mbili kwa mkupuo. Anayeanza kuweweseka, kupayuka au kuyumba hapaswi kupelekwa kivulini na kuachwa alale. Huo ni kiharusi cha joto, na kila dakika ina thamani. Mtu huyo apozwe papo hapo kwa maji baridi na barafu mwili mzima, huku gari la wagonjwa likiwa njiani. Kwa hiyo pipa la maji na barafu ni kifaa cha kazi, sawa na mkasi na reki.

Sasa mfikirie kijana kutoka Ol Kalou au Kapsabet, ambako asubuhi za Julai watu hujifunika makoti. Akitia saini mkataba Aprili na visa ikatoka mwishoni mwa Mei, hutua Ghuba Juni na huenda akapewa mashine ya kukata nyasi siku ya tatu. Amesafiri kutoka kwenye baridi ya mwaka hadi kwenye joto la mwaka kwa saa tano za ndege. Mwenzake kutoka Garissa au Lodwar angalau analijua jua, ingawa naye hajui unyevu wa Ghuba.

Aidha, kijana huyo hana uhuru anaodhaniwa kuwa nao. Haki ya kuacha kazi joto linapozidi imeandikwa katika agizo la Qatar, na nchi hiyo iliondoa mwaka wa 2020 sharti la mfanyakazi kupata idhini ya mwajiri kabla ya kubadilisha kazi. Lakini aliyeuza ng'ombe au kukopa ili amlipe wakala hataitumia haki hiyo katika mwezi wake wa kwanza. Atameza mate na kuendelea. Deni ni sehemu ya joto.

Kenya inategemea sana fedha za wanawe walio ng'ambo, ambazo zilikaribia dola bilioni tano mwaka wa 2024. Marekani ndiyo chanzo kikuu, lakini Saudi Arabia na jirani zake wana fungu lao kubwa. Mazungumzo ya Nairobi na serikali za Ghuba yamejikita, kwa haki kabisa, katika mishahara na mateso ya wajakazi wa nyumbani. Vibarua wa nje, wa bustani, wa ujenzi na wa pikipiki za kusafirisha vyakula, hawatajwi sana. Sharti kwamba asiletwe kibarua mpya wa kazi za juani kati ya Juni na Agosti, au akiletwa apewe wiki mbili za kuzoea kwa mshahara kamili, lisingeigharimu serikali yoyote fedha.

WENGINE WANAFANYA NINI?

Ghuba haiko peke yake. California ilianza kuwa na kanuni za joto kazini mwaka wa 2005, na inazitaja kazi za bustani waziwazi miongoni mwa zile zinazohitaji tahadhari za ziada joto linapofika nyuzi 95 za Farenhaiti, yaani nyuzi 35 za Selisiasi. Texas ilielekea kwingine: sheria yake ya 2023 ililenga kuzipokonya mamlaka za miji, ikiwemo Austin na Dallas, nguvu ya kuwalazimisha waajiri kutoa mapumziko ya kunywa maji. Mwaka uliofuata Florida ikazuia miji yake kutunga kanuni kama hizo.

Jimbo la Nevada lilichagua kupunguza nyasi zenyewe. Sheria ya 2021 inapiga marufuku, kuanzia 2027, kutumia maji ya Mto Colorado kumwagilia nyasi za mapambo zisizochezewa wala kukaliwa na mtu katika eneo la Las Vegas, isipokuwa kwenye nyumba za familia moja moja. Lengo lilikuwa maji, ila nyasi isiyokuwepo haihitaji mtu wa kuikata juani.

Ghuba ingeweza kuifuata njia hiyo kwa urahisi kuliko wengine, kwani ina miti yake. Mghafu, ambao Milki za Kiarabu ziliufanya mti wao wa taifa, hukita mizizi chini sana na kustahimili jangwa bila kunyunyiziwa kila siku. Kuupendelea mbele ya nyasi za mtindo wa Ulaya kungepunguza saa za kazi za Agosti kuliko marufuku yoyote ya mchana.

Ajabu ni kwamba pepo za kusi, zile zile zilizokuwa zikiyarejesha majahazi Uarabuni kutoka Lamu na Mombasa, huleta manyunyu ya kharifu huko Salalah, kusini mwa Oman, kati ya mwisho wa Juni na Septemba. Milima hugeuka kijani yenyewe, minazi na migomba husitawi, na watalii kutoka kote Ghuba humiminika huko kuukimbia moto wa kwao. Mtunza bustani wa Salalah hushughulika na magugu na matope wakati mwenzake wa Muscat, katika nchi hiyo hiyo, anasubiri saa tisa na nusu itimie.

Mnamo Agosti 2025, Shirika la Afya Duniani na lile la Hali ya Hewa yalitoa ripoti ya pamoja iliyosema kwamba tija ya mfanyakazi hupungua kwa asilimia mbili hadi tatu kwa kila nyuzi moja ya WBGT inayozidi 20. Kwa kipimo cha Qatar cha 32.1, mtu aliye juani tayari amepoteza robo ya nguvu zake au zaidi kabla sheria haijamtaka aweke chini mkasi. Mwanakandarasi anayemsukuma aendelee analipia saa nzima na kupata dakika arubaini na tano za kazi, pengine chini ya hapo, na bado hajalipa hospitali.